Kioo cha Behewa la Mwisho

Shangazi ndiye aliyechagua behewa la mwisho. Naomba hilo lieleweke mapema, maana baadaye alitaka kunisingizia mimi.

Asubuhi ile alisimama stesheni, mkoba kwapani, mtandio mabegani, akaitazama treni yote kisha akamgeukia mkagua tiketi.

"Samahani, baba. Dereva anakaa wapi?"

"Mbele, mama. Kwenye kichwa."

"Basi sisi tupeleke nyuma. Nyuma kabisa."

"Nyuma kunayumba, mama."

"Tutayumba."

Nilielewa. Yule mwanaume niliyempenda alikuwa dereva wa treni, na shangazi hakutaka tukutane naye hata kwa bahati mbaya. Kwa hesabu zake dereva ni mtu wa mbele, kwa hiyo tukikaa nyuma mchezo umekwisha. Asilolijua ni kwamba treni ile haiwezi kupanda mlima kwa kichwa kimoja. Ikifika stesheni ya chini ya mlima, hufungwa kichwa cha pili kwa nyuma, kinaisukuma mpaka kileleni. Pale juu hufunguliwa, kikarudi chini kungoja treni nyingine. Na bwana wangu mimi, jamani, alikuwa dereva wa kichwa cha kusukuma.

Nilijua, nikapiga kimya. Nilimfuata shangazi mpaka behewa la mwisho, nikachagua viti vya mwisho, mbele ya mlango wa nyuma wenye kioo kikubwa kutoka juu hadi kiunoni.

"Hapa pazuri," shangazi akasema akijiweka sawa. "Tutaona mandhari."

"Ndiyo, shangazi. Tutaona."

Hata hivyo sikuwa na uhakika. Madereva wa kusukuma walikuwa wawili, wakipokezana zamu, nami sikujua zamu ya siku ile ilikuwa ya nani. Tena tulikuwa hatusemi. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka nikiona koti lolote la bluu mtaani nageuza uso.

Hebu nieleze. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi, ambaye amenilea tangu mama yangu alipofariki. Yeye anakata, mimi nashona. Yule bwana alikuja mara ya kwanza na koti la kazi lililochanika mfuko. Nikaushona. Akarudi na mfuko wa upande wa pili. Kisha akaleta suruali iliyomkaa sawasawa kabisa, akataka niipunguze. Nikamuuliza niipunguze wapi.

"Popote," akasema.

Shangazi, aliyekuwa mezani na mkasi wake, alikohoa, na mafua hana.

Ndivyo tulivyopendana, yeye akirarua, mimi nikishona. Maneno hakuwa nayo. Alikaa kwenye benchi pembeni ya mlango, akinitazama ninavyokanyaga cherehani, na mimi nikihisi nimeambiwa kila kitu. Nikikata uzi kwa meno anatabasamu. Nikiinua macho anainamisha yake. Siku nyingine aliondoka bila kusema zaidi ya "haya, kesho", nami nikabaki na hiyo kesho moyoni mchana kutwa, nikashona mikono ya shati la mtoto wa watu ndani nje.

Lakini kwa wakubwa kutazamana hakutoshi. Alipokuja nyumbani kujieleza, shangazi aliwaita dada zake wawili, wakavaa nguo zao za kutokea, wakakaa kwenye kochi wamenyooka. Akaja, amenyoa vizuri, amevaa ile suruali niliyoipunguza, vifundo vya miguu nje. Akaletewa chai.

"Haya, baba," shangazi akasema. "Tunakusikiliza."

Akasema ukungu wa mlimani umezidi mwaka huu. Akasema mvua ya kule haibishi hodi. Akaongezewa chai. Akaingia kwenye upepo, akakaa huko kwenye upepo muda mrefu, kisha akasimama, akashukuru, akaenda zake.

Loo! Wale shangazi wawili walicheka mpaka wakashikana mabega, na tangu siku ile jina lake likawa Bwana Hali ya Hewa. Shangazi yangu hakucheka. Alikusanya vikombe polepole, akaniambia, "Mwanaume anayekutaka anasema, mwanangu. Huyu anakupotezea wakati." Na mimi, kwa aibu na hasira, nilimwambia yule bwana asirudi tena dukani.

Ndipo akapatikana mfamasia. Mtu mstaarabu, mwenye duka lake la dawa upande wa pili wa mlima, aliyesema anachotaka kabla hata hajakaribishwa kiti. Huko kwao ndiko tulikokuwa tunakwenda siku ile, wazazi wake wanione, jibu litolewe. Shangazi alikuwa ameshatoa neno lake. Nikishuka upande wa pili, nimekwisha kuwa mchumba wa mtu.

Treni ilipita tambarare, shangazi akasinzia. Milima ilianza kwa mbali, ya kibuluu, tena laini kiasi cha kuudhi, maana mimi moyoni nilikuwa na vita. Kisha vikaja vilima vyenye majani, mashamba yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, mto unaotoweka upande huu na kutokea upande ule. Hewa ya dirishani ikawa baridi. Tukasimama stesheni ya chini ya mlima, nikasikia nyuma yetu mngurumo unakuja taratibu.

Sikugeuka. Nilijikaza, nikatazama mikono yangu.

Behewa likatikisika, mkoba wa shangazi ukaanguka, naye akazinduka.

"Nini hicho?"

"Wanafunga kichwa, shangazi."

"Kichwa gani? Kichwa si kiko mbele?"

"Kuna kingine. Cha kusukuma."

Akageukia kioo. Na mimi nikageuka.

Alikuwa pale. Kati yetu vioo viwili na hatua chache za hewa. Amevaa koti lile la bluu lenye mifuko yangu, mkono mmoja kwenye usukani wa breki, na macho yake yalikuwa yameshaniona kabla yangu mimi. Hakutabasamu. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga. Moyo wangu ulienda mbio hata nikaona haya, nikadhani shangazi anausikia.

"Ala!" shangazi akasema. "Ala! Wewe ulijua?"

"Mimi si niliambiwa tukae nyuma?"

"Inuka. Tuhame."

Mkagua tiketi alisema mabehewa yote yamejaa. Shangazi hakukubali kushindwa. Alivua mtandio wake, akapanda juu ya kiti, akaufunika mlango wa kioo, akaubana pembeni kwa pini zake za kushonea. Upande wetu ukaingia giza.

"Mama!" mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akalalamika upande wa pili. "Sisi tumepanda treni hii kwa ajili ya huo mlima unaoufunika!"

"Mlima utauona dirishani, mzee wangu."

"Dirishani kutaonekana ukuta wa mawe tu. Maporomoko yanaonekana kwa huko nyuma. Mke wangu nimemwahidi maporomoko."

Mke wake akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni kabisa. Abiria wengine nao wakaanza kunung'unika. Shangazi anaweza kushindana na mimi, hawezi kushindana na behewa zima. Akautoa mtandio, akajifunika nao, akakaa akinuna.

Basi tukapanda mlima hivyo.

Nikisema nimewahi kuota ndoto macho wazi, ni ile safari. Treni ilikwenda polepole, ikijipinda, na kila ikijipinda mwanga uliingia kwa upande mpya. Mara uso wake uko kwenye jua, mara uko kwenye kivuli cha miti. Maporomoko yalipita karibu nasi, meupe, vumbi la maji likalowesha vioo vyote viwili, nikamwona nyuma ya matone. Tukaingia handakini, kukawa giza totoro, nikabaki naona taa ndogo ya kibanda chake ikimulika shavu na ukingo wa sikio. Nilitaka handaki lile lisiishe. Nilikuwa na hasira naye, naapa, lakini hasira yangu haikujua pa kukaa, maana kila nilipoitafuta nilikuta macho yake.

"Anakutazama nini hivyo?" shangazi akanong'ona. "Si atazame reli?"

"Haoni reli, shangazi. Reli iko mbele. Yeye anaona mgongo wa behewa tu."

"Sasa anajuaje anakokwenda?"

"Anasikiliza honi ya mwenzake wa mbele. Wa mbele akiita, yeye anaitikia, anasukuma."

Kweli, honi ililia mbele, mbali, ikajibiwa hapo nyuma yetu hata kiti kikatetemeka. Shangazi alifikiri kidogo.

"Na kule upande wa pili?"

"Hajawahi kufika. Akifika kileleni anafunguliwa, anarudi. Aliniambia siku moja. Miaka yote anawapeleka watu kwenye kitu asichokiona."

Shangazi alimtupia jicho kupitia kioo, mara moja tu, akarudisha uso dirishani.

Ukungu ulitushukia karibu na kilele. Ulianza kama moshi chini ya magurudumu, ukapanda, ukajaza nafasi yote kati ya vioo, mpaka koti la bluu likafifia, uso ukafuata, ikabaki ile taa peke yake. Niliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha baridi sana. Nikawaza baadaye nitakapokaa kwenye sebule ya watu, nikimwagiwa maneno mazuri, na mtu huyu yuko ukungani anasukuma treni nyingine, wala hajui nimeitikia nini. Nilihisi nafsi yangu inararuka, nayo hiyo hakuna wa kuishona.

"Toa mkono," shangazi akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Sikuutoa.

Kileleni treni ilisimama. Watu wakashuka kujinyoosha na kununua chai. Nikasikia minyororo ikifunguliwa nyuma, chuma kikigonga chuma. Kazi yake ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni kurudi.

"Usishuke," shangazi akaniambia.

"Sishuki."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia na ukungu wake mabegani, kofia mkononi, akasimama mbele ya shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilimwona anameza mate. Nilimwombea kwa roho yangu yote.

"Leo ukungu..." akaanza.

Nilifumba macho. Mungu wangu, nikasema, si tena.

"Hapana," akasema. "Sikupanda humu kwa ajili ya ukungu. Mama, nampenda binti yako. Nataka kumwoa. Siku ile nilikuja kusema hilo, nikashindwa."

"Ulishindwa na nini? Tulikuwa wanawake watatu na birika la chai."

"Niliogopa mtanikatalia. Nikaona nisiposema, basi bado hamjanikatalia. Nitakwenda kazini na kurudi, na bado hamjanikatalia." Alizungusha kofia vidoleni. "Leo mmeshanikatalia, mama. Sina tena cha kuogopa. Ndiyo maana naweza kusema."

Shangazi alimtazama kutoka viatuni mpaka usoni. Sikuwahi kumwona akitafuta maneno, siku ile nilimwona.

"Umechelewa, baba," akasema mwishowe. "Huko tunakokwenda watu wamepanga viti. Nimewaahidi kwa kinywa changu."

"Najua. Mtaa mzima unasema."

"Unajua, halafu?"

"Halafu nampenda vilevile."

Mke wa yule mzee akashika kifua. Mzee akafungua mdomo, shangazi akamwinulia kidole bila hata kumtazama, naye mzee akaufunga.

Kisha shangazi akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

"Mimi nini, shangazi?"

"Wewe. Umekaa hapo na machozi yako yanakulenga. Nyumba nzima tumemcheka huyu kwa kunyamaza, na wewe ukamfukuza kwa kunyamaza. Mimi nilipokuuliza juu ya mfamasia, ulinijibu nini?"

Nilihisi uso wote unawaka.

"Nilisema... utakavyoona wewe, shangazi."

"Utakavyoona wewe, shangazi. Nami nikaona. Ningeona kitu gani kingine? Mimi ninasoma mioyo? Wiki nzima nimekuwekea chakula huli, nakuuliza una nini, unasema uzi umekatika." Sauti yake ilitetemeka. "Nilidhani nakutafutia pa kutulia kabla sijazeeka. Hukuniambia hata neno moja, mwanangu."

Jamani, lile lilinipiga pabaya. Miezi yote ile nilimlaumu yule dereva, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha nyuma ya ukimya wake, nikingoja aseme kwa niaba ya wote wawili. Nilisimama. Nikashika mgongo wa kiti.

"Nampenda," nikasema. "Simtaki mfamasia, shangazi. Mtu mwema, lakini simtaki. Namtaka huyu."

Yule dereva alinitazama, na safari hii hakukuwa na kioo. Aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena, akanishika vidole mbele ya shangazi na behewa zima. Mkono wake ulikuwa na grisi, ukaniacha alama nyeusi kwenye mkono wa gauni langu jipya. Sikujali hata chembe.

Honi ikalia mbele.

"Dereva!" mkagua tiketi akaita kutoka nje. "Njia ya kushuka iko wazi, unangojwa wewe!"

"Shuka nami," akaninong'oneza. "Utarudi na treni ya jioni kutoka chini. Nitakufikisha mpaka mlangoni kwenu."

Shangazi alisikia. Hakusema usiende. Alichukua mkoba wake akauweka mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili, akatazama mbele. "Nenda," akasema. "Mimi nitawaambia. Neno lilikuwa langu."

Nilitazama mlango, ukungu ukipita taratibu. Hatua tatu nne tu, na ningekuwa naye mlima mzima, kibanda kidogo, taa ile ile, tukiteremka pamoja. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Kisha nikamtazama shangazi, mabega yake madogo ndani ya mtandio, nikamwona anaingia peke yake kwenye sebule ya watu ambao hawajamkosea, viti vimepangwa, wote wanatazama nyuma yake kuona bibi harusi yuko wapi.

"Siendi," nikasema.

Vidole vya dereva vikaganda kwenye vyangu.

"Nitafika kule niwaambie mwenyewe. Yule mfamasia hajanikosea, siwezi kumwachia kiti kitupu. Na huyu amenilea." Nilijitahidi kutabasamu, midomo ikagoma. "Wewe njoo nyumbani Jumamosi."

"Nitakuja."

"Na useme."

"Nitasema mpaka mnifukuze."

Aliniachia mkono kidole kimoja kimoja. Alipofika mlangoni alimgeukia shangazi, akainama kidogo, akashuka. Treni ikaanza kusogea, nyepesi, hakuna wa kuisukuma. Nilimwona kupitia kioo amesimama pembeni ya kichwa chake, akipungua, mpaka ukungu ukamchukua.

Upande wa pili wa mlima kulikuwa na jua. Bonde lilifunguka lote, kijani, na nyumba ndogo za mabati ziking'aa huko chini kabisa, na moja ya paa hizo ilikuwa ya duka la dawa. Shangazi alitazama dirishani kona baada ya kona. Nilidhani hatanisemesha tena mpaka tufike.

"Sema tena," akasema ghafla.

"Nini, shangazi?"

"Ulichosema pale juu. Nataka kukisikia vile utakavyowaambia wao."

Nikasafisha koo. "Samahani wazee wangu, mimi siwezi kuolewa na..."

"Sauti ya nani hiyo? Watakuwepo baba yake, mama yake, na dada zake wote. Na mwenyewe utamtazama usoni. Sema tena."

Nikasema tena.

"Anza na kuwashukuru. Wametuandalia."

Nikaanza na kuwashukuru. Nilipofika pale pa kusema kuna mtu mwingine na ninampenda, machozi yakanimwagika, nikashindwa kuendelea. Shangazi akahama kiti chake, akaja kukaa kando yangu, akaniegemeza begani kama alivyofanya siku aliyonichukua nikiwa mdogo.

"Lia," akasema. "Lia hapa hapa uyamalize. Kule tutaingia na macho makavu, na mimi nitakuwa nimekushika mkono."

Nikalia mpaka mtandio wake ukalowa. Alinisubiri bila haraka, treni ikiteremka na jua likitufuata dirishani. Nilipotulia alinifuta uso kwa kiganja chake kigumu cha mkasi, akaninyoosha kola ya gauni.

"Haya," akasema. "Toka mwanzo."